Chanda cha Amal

Bi Shukri hakuja kwa hasira. Angekuja kwa hasira ingekuwa nafuu, maana mwenye hasira hupewa maji ya baridi, hubembelezwa, na mwisho wake hucheka. Yeye alipiga hodi kwa adabu zote, akavua viatu dakani penye mlango, akaulizia hali za watu wa nyumba mmoja mmoja mpaka paka, ndipo akakaa mkekani. Kahawa aliyotiliwa hakuigusa. Alitoa simu ndani ya buibui lake, akaiweka mbele ya mwenye nyumba, Bi Ruqaya, akamwuliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Mwenzangu, nimekuja kuuliza tu. Amal mlimwoza lini?"

Haidar aliyasikia hayo akiwa juu, mbele ya kompyuta yake. Nyumba za Mkomani kuta zake ni nene, lakini ua wa ndani hauweki siri. Neno likisemwa chini hupanda lenyewe mpaka darini. Alisikia jina la dada yake, akasikia neno la kuoza, na kabla hajajua ni jambo gani, moyo wake ulikwisha kujua. Mtu mwenye kosa huwa hana haja ya kuelezwa.

Huko chini mama yake aliisogeza simu mpaka karibu na pua. Palikuwa na picha ya mikono miwili juu ya mto wa hariri, imepakwa piko jeusi la maua kutoka vidoleni hadi kiwiko. Kidole cha pete kilikuwa na pete ya dhahabu. Juu yake pameandikwa: Chanda chema huvikwa pete. Wafaa Piko na Hina, Mkomani, Lamu. Na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepinda kuelekea ndani, kama kinachotaka kumnong'oneza jirani.

"Mato yangu mabovu," Bi Ruqaya alisema, "lakini chanda hiki nalikifunga mimi kwa mikono yangu. Kilibanwa na mlango, naye angali mdogo."

"Ndicho nilichokitambua. Siku ya posa nilikishika, nikasema, hii ndiyo alama ya mwanangu."

Hapa Lamu mwari hapakwi piko. Akiwa mtoto atatiwa hina ya kiganjani siku ya Idi, basi. Maua ya mkono mzima ni ya mwanamke mwenye mume, na mara ya kwanza kuyavaa ni siku ya harusi yake. Mwenye mume hujipaka, mwari husubiri, mjane huacha. Mikono ya mwanamke husomwa hata kabla uso wake haujaonekana. Sasa hii hapa mikono ya Amal, mwari wa ndani, ambaye posa yake imepokewa na harusi imewekwa baada ya mfungo, imevaa piko na pete mbele ya ulimwengu mzima.

"Mimi nalikuwa natafuta vitambaa vya harusi kwenye simu," Bi Shukri alieleza. "Vya huyo huyo Amal. Tangu siku hiyo picha hii hainiachi. Nikifungua habari, ipo. Nikifungua mapishi, ipo. Yeo nimefungua nyakati za swala, nayo imekaa pale juu ya alasiri."

Bi Ruqaya hakuinua uso. "Haidar," aliita. "Ndoo tini."

Alishuka ngazi polepole, akasalimu, akaitazama simu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Wanawake wawili walikuwa wakimngoja. Akaona mlango mmoja tu wa kutokea, akaupita.

"Ni jambo la mitambo hili, mama. Nipeni nafasi nilitazame."

"Litazame, mwanangu," Bi Shukri alimjibu. "Mimi si mtu wa fitina, picha sijamwonyesha mtu. Hamid wangu, bwana harusi, yuko Kiwayu anatengeneza mashine za boti, na huko mtandao ni wa kubahatisha. Lakini Jumamosi anarudi. Nitakuja Ijumaa baada ya swala, mniambie mikono hii ni ya nani. Ikiwa ni ya Amal, basi ama kaolewa kwa siri, ama ana watu wanaomtembeza sokoni. Yote mawili siyataki nyumbani kwangu."

Akaomba maji, akanywa, akashukuru, akaenda zake. Kahawa ilibaki pale pale imepoa, na Bi Ruqaya akaimwaga mwenyewe bila kumwita mtu.

*

Sasa tumseme Haidar, ingawa mwenyewe hapendi kusemwa. Si mtu mbaya. Tangu baba yao alipofariki ndiye walii wa Amal, ndiye aliyemsomesha, na hajapata kumwinulia sauti. Kazi yake ni kutengeneza tovuti na kutangaza biashara za watu mtandaoni: nyumba za wageni, wauza vyakula, mafundi wa milango ya kuchonga. Ni hodari. Tatizo la hodari ni kwamba kila anachoweza kukifanya hudhani anaruhusiwa.

Mkewe, Wafaa, ni mpakaji piko. Haidar alimtengenezea tovuti ambayo hata yeye mwenyewe aliionea fahari. Ilifunguka kabla hujamaliza bismillahi, hata kwenye simu ya bei ya chini isiyopenda kula data. Ukiteremsha ukurasa kwa kidole, maua ya piko yalitambaa pembeni yakichipua moja baada ya jingine. Kila kitu kilikuwapo isipokuwa mikono. Wateja wa Wafaa hawakukubali kupigwa picha, na hakuna aliyewalaumu. Nani atakubali mikono ya mkewe itazamwe na wauza mafuta wa Nairobi? Wafaa naye alikataa. "Mikono yangu ni ya kwako," alimwambia mumewe, "si ya wateja." Lilikuwa neno la mahaba, na Haidar akalichukua kama kikwazo cha kazi.

Ndipo akamwendea dada yake. Amal alicheka, Wafaa akakataa. Mwari hapakwi. Haidar akabembeleza: mikono tu, uso haupo, nitapiga picha na mtaosha kabla piko halijashika, nitaitumia mpaka nipate mteja mmoja atakayekubali. Wakapaka. Akapiga. Wakaosha, na Amal akavaa glovu siku kadhaa akisingizia upele. Mteja wa kukubali akapatikana Mombasa, Wafaa akamwuliza mumewe kama picha ya Amal ameitoa, naye akajibu, "Nimeitoa."

"Uliniambia umeitoa," Wafaa alimwambia sasa. Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kazi, mikono yake ameifunga kifuani. Ilikuwa na piko jipya. Alikuwa amejipaka juzi tu.

"Niliitoa. Kwenye tovuti haipo, fungua uone."

"Na kwenye simu ya Bi Shukri?"

"Lile ni tangazo. Tangazo ni kitu kingine."

"Haidar, mimi nilikuuliza picha ya wifi yangu iko wapi. Sikukuuliza majina ya vitu."

Ukweli ni kwamba ile picha iliwavuta watu kuliko picha nyingine zote. Kila alipotaka kuifuta alitazama mistari ya wateja inavyopanda, akajiambia, wiki hii tu. Kisha akaiachia mashine. Siku hizi mwenye tangazo hana haja ya kuhangaika: anaipa picha moja na maneno yake, anaruhusu kwa kubofya mara moja, na akili mnemba inajitengenezea picha nyingine kumi, inazijaribu kwa watu, inayopendwa ndiyo inayobaki na kuwafuata wanunuzi popote wanapofungua. Haidar aliruhusu, wala hakurudi kutazama. Sasa alipotazama, aliiona pete.

"Pete hii sikuiweka mimi," alisema.

"Aliiweka nani?"

"Mashine. Mimi niliandika ile methali tu."

Wafaa alisogea, akasoma. Chanda chema huvikwa pete. Mashine imeambiwa chanda kivikwe pete, nayo ikatii. Methali ya mabibi zetu imefasiriwa na kitu kisicho na bibi.

"Amal alichorwa mikono tu," Wafaa alisema taratibu. "Wewe ukamwoza."

*

Aliifuta. Alifuta tangazo, akafuta picha, akafuta hata ile ya asili iliyokuwa kwenye kamera. Halafu akaenda mtaa wa Langoni kwa rafiki yake Wangu kuuliza kama imefutika kweli.

Wangu ni mtoto wa bara aliyekuja Lamu kufundisha kompyuta na akasahau kurudi kwao. Alikuwa na ofisi ndogo yenye feni moja, na ndiye mtu pekee mjini ambaye Haidar alikuwa akimwuliza kitu bila kuona haya. Alimsikiliza huku akila embe la pilipili.

"Kwa upande wako imeenda," alisema. "Lakini kivinjari cha huyo mama kimejiwekea nakala. Asipokisafisha anaweza kuiona tu. Na kama alipiga picha kioo cha simu, hiyo hata uite nani haifutiki. Pole, bro."

"Ijumaa anakuja. Nimwambie nini?"

"Mwambie ni AI."

"Ni ya Amal, Wangu. Nilipiga mimi."

"Pete ni ya nani? Mto wa hariri mlikuwa nao? Nusu ya hiyo picha imechorwa na mashine. Sasa wewe unaongeza nusu ingine, hiyo nayo ni dhambi ya kukunyima usingizi?" Alifuta vidole. "Na kile kidole kimepinda ndio ushahidi wako. Kila mtu anajua hizi mashine vidole zilikuwa zinaharibu. Siku hizi zimejua, lakini nani huko kwenu atakubishia? Sema imekosea. Arusi inaendelea, watu wanakula biriani."

Haidar alitoka pale amepata nafuu, na hiyo nafuu haikumfikisha hata msikiti wa kwanza. Alikuwa amekumbuka sentensi ya Wafaa.

Katika tovuti nzima Wafaa alikuwa ameandika sentensi moja tu, nyingine zote ni za Haidar. Alitaka iwe juu kabisa na iwe kubwa: Kila mkono unaouona hapa umepakwa na mkono wangu. Aliitaka kwa sababu. Mwaka uliopita bibi harusi mmoja wa Malindi alimwita mpakaji kwa ajili ya picha nzuri alizoziona mtandaoni. Mpakaji alipofika, maua yale hakuyaweza, maana yalichorwa na mashine, na msichana wa watu akaolewa huku analia kwa mikono iliyochafuliwa. Habari ilizunguka pwani nzima. Tangu hapo wanawake wakipiga simu huanza na swali hilo, hizo picha ni za kweli? Wafaa huwajibu kwa sentensi yake. Wateja wa Faza na Siyu walimwita kwa ajili ya sentensi hiyo, na Bi Shukri mwenyewe alikwisha kumpa arubuni ya kumpaka Amal.

Basi ukisema mikono ile ni ya mashine, umemwokoa Amal na umemzika Wafaa. Ukisema ni ya Amal, umelinda jina la Wafaa na kuivunja posa ya mwari. Na katika yote mawili, angalia, anayeumia si Haidar.

*

Nyumbani Amal alimsubiri kwenye ngazi. Alikuwa amelia na kuosha uso.

"Kaka," alimwambia, akitazama ukuta, "mimi Hamid namtaka."

Msichana wa nyumba kama ile kumwambia kaka yake neno kama lile si jambo dogo. Haidar alisema inshallah, akapita. Kidole kilichopinda kilikuwa kimeshika ukingo wa leso, naye hakutaka kukiona.

Alimkuta Wafaa akichuja piko kwa kitambaa. Akakaa. Akamwuliza habari za kazi, habari za mama, kisha akasema, kama mtu anayesimulia ya sokoni, "Wangu anasema tungeweza kusema ile picha ni ya kompyuta."

Wafaa aliendelea kukamua kitambaa. "Na ile kauli yangu?"

"Ndiyo. Hilo ndilo."

"Wewe waonaje?"

"Sijui, Wafaa. Wallahi sijui."

Alikuwa akijua. Hakumwomba mkewe, la. Angemwomba, Wafaa angeweza kukataa, nao wangegombana kama watu na kusameheana. Aliliweka neno pale mbele yake na kukaa kimya, kama mgeni anayesogeza sahani tupu karibu na mwenye chungu. Mwenye chungu afanye nini? Wafaa aliufunga mkebe wake wa piko, akauweka juu ya rafu, akaenda kumsaidia mama kukuna nazi.

*

Ijumaa baada ya swala Bi Shukri alikuja kama alivyosema. Bi Ruqaya alikuwa ametandika mkeka mpya na kufukiza udi. Wafaa alikaa kando ya mama mkwe wake. Amal alikuwa nyuma ya pazia la chumba cha ndani, ambako mwari hukaa wakati maisha yake yanapozungumzwa. Haidar alishuka na kompyuta kifuani, ingawa hakuwa na kitu cha kuonyesha.

Wakasalimiana, wakaulizana hali. Safari hii Bi Shukri alishika kikombe cha kahawa, lakini hakukipeleka mdomoni.

"Haya, mwanangu," alisema. "Mikono ni ya nani?"

Haidar aliandaa maneno njia nzima kutoka msikitini. Alikuwa na maneno ya kweli na maneno ya uongo, yote yamenyooka. Alifungua mdomo. Akamtazama mama yake, aliyekuwa akihesabu tasbihi. Akalitazama pazia. Kisha, Mungu amsamehe, akamtazama Wafaa.

Wafaa aliyaona macho yake. Alishusha pumzi.

"Si ya mtu, Bi Shukri," alisema. "Ni ya kompyuta."

Tasbihi ya Bi Ruqaya ilisimama.

"Ya kompyuta vipi?"

"Siku hizi unaiambia ichore mikono, inachora. Hakuna mtu pale. Ndiyo maana ukaona na pete."

"Na chanda? Chanda ni cha Amal, mimi si mjinga."

Hapo Haidar akapata ulimi. Palipofunguka upenyo wa kupita, akapita. "Mashine hizi vidole haziviwezi, mama," alisema haraka. "Huvipinda. Huvifanya vikawa na kasoro. Ni makosa yake yanayojulikana, muulize mtu yeyote wa kompyuta. Kile si kidole cha mtu, ni kasoro ya mashine."

Nyuma ya pazia kitu kilitikisika kidogo, kisha kikatulia. Bi Shukri alimtazama Haidar, akalitazama pazia, na pengine aliona zaidi ya alivyosema. Alikuwa na mwana anayempenda msichana huyu, na vitambaa alikwisha kununua. Alikunywa kahawa yake yote.

"Alhamdulillahi," alisema. "Nimetua mzigo."

Kila mtu akapumua. Kisha Bi Shukri akamgeukia Wafaa, na sauti yake ikawa ile ya siku ya kwanza, ya adabu zote.

"Lakini mwanangu, wewe si uliandika kwamba kila mkono umeupaka wewe?"

"Niliandika."

"Nami niliwasomea watu wa kwangu, nikawaambia mkwe wetu si kama wale wa Malindi."

"Nilidanganya, Bi Shukri. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Mungu ndiye wa kusamehe." Alikunja ncha ya buibui lake. "Ile arubuni, ikiwa hujaitumia, nitaiomba. Si kwa ubaya. Bibi harusi wangu nataka apakwe na mtu ambaye nikiulizwa nitamsemea."

Wafaa aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na pesa ndani ya bahasha ile ile aliyopewa. Hakuwa amezitumia. Alizitoa kwa mikono miwili, mikono yenye piko la kazi yake mwenyewe, ambalo hakuna mashine ingeweza kulichora, na Bi Shukri akaipokea bahasha bila kuitazama mikono. Haidar alikuwa ameinamia kompyuta yake iliyozimwa.

Mgeni alipoondoka, Bi Ruqaya alimwita mwanawe karibu. "Mkeo kasema urongo kwa ajili yetu," alisema. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa, mama."

"Nalikuona. Ndiyo maana nauliza."

*

Lamu haina haja ya matangazo. Ilipofika Jumapili wanawake wa Mkomani walikwisha kujua kwamba Wafaa picha zake ni za mashine. Yule wa Faza akapiga simu kusema harusi imesogezwa. Wa Siyu hakupiga kabisa. Jirani aliyekuwa akipakwa kila Idi alimwambia kwa upole kwamba safari hii atajaribu kupaka mwenyewe.

Wafaa hakulalamika. Alikuja siku moja kwenye chumba cha kazi, akasema, "Ile kauli yangu itoe."

"Wafaa, ile kauli ni ya kweli. Picha zilizobaki pale zote ni za kazi yako."

"Mimi najua. Wewe wajua. Watu wakiisoma wanacheka. Itoe, na safari hii itoe kila mahali."

Akaitoa mbele yake, naye alisimama mpaka akaona imetoka. Alipokwenda, Haidar aliutazama ukurasa mtupu kule juu, na maua yakaendelea kutambaa pembeni kama kawaida. Alitaka kulia na hakuweza.

Amal naye alimletea chai kama siku zote, lakini kikombe alikishika kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameuficha ndani ya leso. Haidar alimwambia asijali yale maneno, yalikuwa ya kuokoa jambo. "Najua, kaka," alisema. "Na jambo limeokoka."

Harusi ilikuwa baada ya mfungo, na ilikuwa nzuri. Mpakaji aliletwa kutoka Malindi. Wafaa ndiye aliyemkaribisha, akamtilia sharubati, akamshikia taa. Miaka yote Wafaa alikuwa amekwisha kuuchora kichwani mchoro wa mikono ya wifi yake: kikonyo chembamba cha asumini kingepanda na kile kidole na kupinda nacho, mtu adhani kidole kilizaliwa kwa ajili ya ua. Lakini Amal mwenyewe alimwambia mgeni wa Malindi, "Hiki nipakie weusi mtupu, kisionekane." Kikapakwa weusi mtupu. Wafaa akaendelea kushika taa.

Msikitini, Haidar alishika mkono wa Hamid mbele ya kadhi na kumwoza dada yake. Mkono wa kijana ulikuwa mgumu wa kazi ya mashine. Walipokwisha, Hamid alimkumbatia. "Mama kanihadithia ile kompyuta yako ilivyotaka kunipokonya mke," alimnong'oneza. "Tumecheka mpaka basi." Haidar naye akacheka. Alicheka kama wenzake na akala biriani.

*

Siku ya pili asubuhi nyumba ilikuwa kimya, na Bi Ruqaya alikuwa bado amelala kwa uchovu wa shughuli. Haidar alimkuta mkewe uani, anakunja leso zilizofuliwa. Alikaa kwenye kigoda karibu naye. Alikuwa amekusudia kusema, tangu alfajiri alikuwa akiyapanga: kwamba atakwenda kwa Bi Shukri amwambie kweli, sasa Amal kaolewa. Lakini hata kichwani mwake alijua kwamba hatakwenda, maana kweli ile sasa ingemrudisha Amal na talaka.

Basi akaitazama mikono ya mkewe. Ilikuwa mitupu. Lile piko la siku ile lilikuwa limechakaa na kutoka lenyewe mwezi mzima uliopita, na hakuwa amepaka jingine. Hata kwa harusi hakujipaka. Haidar alikumbuka kwamba aliliona hilo mapema, akajifanya hakuliona.

"Hukujipaka," alisema.

"Sikujipaka." Wafaa alinyoosha leso, akaishika pembe kwa pembe. "Jana kule kwa wanawake palikuwa na bibi mmoja wa Siyu, simjui. Aliniona mikono, akanishika, akanikalisha kando yake. Akaniuliza mume wangu kafa lini."

Haidar alingoja acheke. Hakucheka.

"Ukamjibu nini?"

"Kabla sijajibu alikwisha kuomba dua. Akasema, Mungu amrehemu."

"Nawe?"

"Nikaitikia amin," Wafaa alisema, akachukua leso ya pili.